Kaunta Buku Nne Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati, na ndani yake zimo kaunta buku nne. Kila moja ina riwaya. Nikisema kweli, kila moja ina mwanzo wa riwaya. Ya kwanza ina kurasa 41 za kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu mwenye furaha. Ya pili ina kurasa 28. Ya tatu 17. Ya nne ina kurasa sita tu. Jina la mhusika mkuu limebadilishwa mara tatu, na katikati pameandikwa hesabu ya mchele na mafuta ya taa.

Kwa miaka mingi kila nilipoliona sanduku hilo nilijiambia kuwa sina kipaji. Jibu hilo lilinipa usingizi mzuri, maana asiyejaliwa hana la kujilaumu. Siku moja ya mvua isiyoruhusu kutoka, nilizitoa zote nne nikazisoma mfululizo kama vile zimeandikwa na mtu mwingine. Hadithi hazikuwa mbaya kama nilivyodhani. Kilichonishtua ni mahali zilipokatikia. Katika ya kwanza, mara baada ya ukurasa wa 41, nilikuta mchoro wa jalada na rasimu ya neno la shukrani. Katika ya pili kulikuwa na orodha ya watu nitakaowaalika kwenye uzinduzi. Hapo nikakumbuka. Kila safari niliacha kuandika juma lile lile nililoanza kuwatangazia watu kwamba natunga riwaya. Walinipongeza, wakaniita mwandishi, nami nikatosheka. Nilikuwa nimekwisha kula ujira wa kazi ambayo sijaifanya.

Makala haya ni ya wenye sanduku kama langu, liwe la hadithi, la nyimbo, la michoro au la mitindo ya nguo. Wengi huuliza, "Nifanyeje nipate morali?" Wanauliza kana kwamba morali ni maji ya bombani na mtaa wao umekatiwa. Mimi nashauri ujiulize maswali mawili mengine. Kwanza, ni kitu gani hasa kinachokusukuma kufanya kazi hii? Pili, wewe ni mtu wa hulka gani? Mwenye majibu yake anaweza kuichongea kazi njia ya kupita. Asiye nayo ataendelea kununua kaunta buku.

Mgema na sifa zake

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumezoea kuitumia methali hii kuwakemea wenye majivuno, lakini itazame upya. Mgema huyu hakuharibiwa na matusi wala na umaskini. Aliharibiwa na sifa. Hapo mwanzo macho yake yalikuwa kwenye tembo; waliposifu, macho yakahamia kwa wanywaji.

Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliokuwa wakipenda wenyewe kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye utepe iwapo litachora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila lilipomaliza likashtukizwa kwa cheti kile kile. La tatu lilichora tu, bila ahadi wala cheti. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani wakati wa michezo, kila mtoto akaachwa afanye apendalo. Walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Walioshtukizwa kwa cheti hawakupungukiwa na hamu. Ina maana cheti chenyewe hakina sumu. Ahadi ndiyo iliyomfundisha mtoto kwamba kuchora ni kibarua, na kibarua hakifanywi bila malipo.

Utasema hao ni watoto. Mwaka 1985 mtafiti Teresa Amabile, naye wa Marekani, alichapisha jaribio lililohusu watu wazima: waandishi chipukizi 72, kila mmoja akiombwa kutunga mashairi mawili mafupi. Kati ya shairi la kwanza na la pili, kundi moja lilipewa orodha ya sababu za nje za kuandika, kama umaarufu na fedha, lizipange kwa uzito wake. Kundi jingine lilipanga sababu za ndani, kama raha ya kucheza na maneno. La tatu halikupewa orodha yoyote ya sababu. Kisha mashairi yote yakapimwa na washairi wazoefu wasiojua nani yuko kundi gani. Mashairi ya pili ya wale waliotafakari umaarufu na fedha yaliporomoka. Hakuna aliyekuwa amewalipa wala kuwatisha. Dakika chache za kufikiria makofi zilitosha kulitia tembo maji.

Kutokana na hayo, nina mashauri matatu ya awali.

La kwanza, kazi changa ifiche. Kwetu mimba changa haitangazwi. Huachwa mpaka yenyewe ijitokeze. Fanya vivyo hivyo kwa hadithi, wimbo au mchoro. Watu wawili wanaojua wanatosha, nao wawe wale wanaoweza kukuambia ukweli bila kukuvunja moyo.

La pili, mazungumzo ya fedha yape siku yake. Kama unauza kazi zako, tenga Jumamosi asubuhi kwa bei, wateja na hesabu. Saa ya kuunda isiingiliane na saa ya soko. Anayetunga mwanzo wa wimbo huku akihesabu waliotazama video yake iliyopita anafanya kazi mbili, na zote mbili anazifanya vibaya.

La tatu, ukisifiwa, uliza ni sehemu gani imempendeza anayekusifu. Akiitaja, umepata taarifa ya kukufaa kesho. Asipoitaja, shukuru, uachane nayo.

Ukitaka kuona ari ya ndani ikiwa uchi kabisa, mtazame Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa sababu ya waraka wa kisiasa uliouliza Kenya inaelekea wapi. Alikaa gerezani miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake. Hakuwa na msomaji, mhariri wala karatasi ya kuandikia. Aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 kama diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Simtaji ili ujione mnyonge. Namtaja kwa sababu hali yake inatupa kipimo cha kujipima usiku: kama hakuna atakayeona, ningeifanya kazi hii? Jibu likiwa "hapana", bado unaweza kuifanya kazi hiyo kama ajira nzuri. Ila usingoje ikutie wazimu wa mapenzi.

Na njaa je?

Najua yupo anayenong'ona, "Huyu anasema hivyo kwa kuwa ana mshahara." Ana haki. Historia ya sanaa zetu imejaa watu walioanza kwa sababu ya tumbo.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama maelfu ya wenzake. Mwaka 1968 alianza kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao laini za dari, vya mraba, na picha zikauzwa kwa wageni Oyster Bay. Alitaka kuuza, hakuna ubishi. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Katika miaka minne tu alikuwa ameacha mtindo wenye jina lake na wanafunzi walioweza kuuendeleza.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi. Sauti yake watu waliijua kwanza akinadi vyungu njiani. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa muziki, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri, jambo ambalo mwimbaji wa pwani hii hakuwa amelifanya kabla yake. Walimdhihaki kwa sura yake na kwa asili yake. Akaendelea kuimba.

Basi njaa inaweza kumtoa mtu nyumbani. Jambo la kuangalia ni kinachomfanya abaki kazini baada ya chungu kuuzika.

Niliwahi kukaa mchana mzima nyuma ya mchoraji mmoja wa Tingatinga, huku Oyster Bay, nikimtazama. Mteja alikuwa ameagiza tembo wanne kwa Jumamosi. Mchoraji alikuwa na mbao sita zimeegemezwa ukutani. Rangi ile ya mafuta haina haraka na mtu: ukipaka juu ya iliyo mbichi, zinachanganyika na kuwa tope. Kwa hiyo alipaka mandhari ya mbao ya kwanza, njano ikififia kuingia machungwa, akaiweka. Akachukua ya pili. Alipofika ya sita, ya kwanza ilikuwa imeshika, akaanza mgongo wa tembo. Wanyama wale aliwachora haraka, mkono ukijua njia. Kisha kwenye pembe ya mbao akaweka ndege mdogo, na hapo akapunguza mwendo. Alibadilisha brashi, akachovya kidogo, akavuta pumzi, akatia jicho. Akalitazama. Akalifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akalitia tena. Mteja aliagiza tembo. Jicho la ndege hakuliagiza mtu. Tembo wale wa rangi hawakutiwa maji kwa sababu ya jicho lile.

Hilo ndilo shauri langu kwa anayeishi kwa sanaa: katika kila kazi ya kuagizwa, acha sehemu moja iwe yako, ndogo kama jicho la ndege, ambayo ungeifanya hata bila malipo. Mshonaji aweke katika pindo, mpiga picha katika kivuli, mtunzi wa matangazo ya redio katika sentensi moja. Sehemu hiyo ndiyo itakayokurudisha kazini kesho.

Kuhusu tuzo, tumia tarehe yake ya mwisho kama fimbo ya kukuamsha, lakini usiandike unachodhani waamuzi wanakipenda. Tuzo ya Safal-Cornell na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere zimewapa waandishi wa Kiswahili sababu nzuri ya kumalizia miswada, na kumalizia si jambo dogo. Lakini mswada uanze kwa sababu zako. Abdulrazak Gurnah wa Unguja alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Mwaka 2021, baada ya riwaya 10, alipigiwa simu kuambiwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alikuwa jikoni akitengeneza chai, akadhani anataniwa.

Ijue hulka yako

Sasa tuje kwenye swali la pili. Wanasaikolojia wa leo hupima hulka ya mtu kwa vipimo vitano: udadisi, utaratibu, uchangamfu, upole na wasiwasi. Hakuna mtu mwenye kimoja tu. Kila mmoja wetu ana kiasi chake katika kila kipimo, kama chumvi, pilipili na tangawizi katika mchuzi.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia Gregory Feist alikusanya tafiti nyingi za miongo iliyotangulia kuhusu hulka za wabunifu katika sanaa na sayansi. Alikuta kwamba, kwa wastani, wabunifu ni wadadisi zaidi, hawafungwi sana na mazoea, wanajiamini na wana hamu kubwa ya kufika mbali. Miongo kadhaa kabla yake, Donald MacKinnon wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwaita wasanifu majengo 40 waliosifika kwa ubunifu na kuwalinganisha na wenzao wa kawaida. Alama za vipimo vya akili hazikueleza tofauti. Tofauti ilionekana katika namna walivyojieleza: wabunifu walijiona wavumbuzi, watu wa msimamo na wanaojitegemea, wenzao walijiona zaidi watu wa kuaminika na kuwajibika.

Usikate tamaa ukijikuta upande wa pili. Huo ni wastani wa makundi, na wastani haumfungi mtu. Hulka ni kama upepo kwa nahodha: hauchagui, lakini tanga ni lako. Tazama uko wapi kati ya hawa.

Mdadisi asiyemaliza. Huyu huwa na mawazo kumi kabla ya chai. Kwake kipya kinyemi ingawa kidonda. Wazo la leo linang'aa kwa sababu halijaonyesha ugumu wake. La juzi limekwisha kuonyesha, ndiyo maana limechosha. Ndugu yangu, usijilazimishe kuwa na wazo moja, utaumwa. Fanya kama mchoraji wa mbao sita, ila wewe uwe na mbili: moja ikikauka, shika nyingine, kisha urudi. Mawazo mengine yote yaandike kwenye daftari la baadaye na usiyaguse mpaka moja kati ya hizo mbili imekwisha. Na anza na vitu vifupi. Aliyemaliza mashairi manane ya beti tano tano anajua kumaliza. Aliyeanza riwaya tano anajua kuanza tu.

Mpangilifu asiyethubutu. Ratiba yake ina rangi tatu. Amenunua meza, taa na kalamu, na bado hajaandika, kwa kuwa hajajua yote yatakayotokea. Kwake nina habari njema kutoka Chicago. Watafiti Jacob Getzels na Mihaly Csikszentmihalyi waliwapa wanafunzi 31 wa sanaa vitu 27 juu ya meza, wachague baadhi, wavipange na kuvichora. Wengine walichukua vichache, wakaamua mapema, wakaanza. Wengine waligusa vitu vingi, wakavigeuza, wakavipanga na kuvipangua, na hata katikati ya kuchora wakabadili nia. Kazi za hawa wa pili ndizo zilizoonekana kuwa na upya zaidi, na miaka mingi baadaye wengi wao ndio waliokuwa wamefanikiwa zaidi katika sanaa. Tofauti yao na wewe ni moja: walichelewa kuamua huku mikono ikifanya kazi. Kwa hiyo gusa. Andika mianzo mitatu ya hadithi moja, kila mmoja kwa sauti ya mhusika tofauti, ndipo uchague. Utaratibu wako utakuja kukufaa wakati wa kusahihisha, na huko utawapita wote.

Mchangamfu. Huyu ndiye mimi. Hadithi yake ni tamu kijiweni, watu wanacheka, kahawa inaongezwa. Akirudi nyumbani, hamu ya kuiandika imekwisha, kwa sababu hadithi ilikuwa inatafuta wasikilizaji na imewapata. Dawa yangu ina sehemu mbili. Kabla ya kuisimulia, irekodi kwenye simu ukiwa peke yako. Halafu wale rafiki wawili wanaojua siri yako wape kazi nyingine: badala ya kuwapa hadithi, waahidi kurasa. Waambie kila Ijumaa utaleta kurasa tatu, na usipoleta utalipia kahawa ya wote. Uchangamfu huo huo uliokuwa unakuibia sasa unakulinda.

Mwenye haya. Watu humwambia atoke, ajitangaze, apande jukwaani. Mwacheni. Upweke ni mtaji mkubwa, kwani saa tatu za kukaa peke yake zinazomtesa mchangamfu, kwake ni mapumziko. Lakini haya ikizidi, kazi hufia kabatini. Shauri: chagua msomaji mmoja, shangazi, mwalimu wa zamani au rafiki wa mbali, na umpelekee kazi iliyokamilika kila baada ya miezi mitatu. Mmoja tu. Akishazoeleka, ongeza wa pili.

Mwenye wasiwasi. Ameandika ukurasa wa kwanza mara kumi na tano. Jicho lake kali linaona kasoro ambazo wengine hatuzioni, na jicho hilo ni la thamani, ila linafunguka mapema mno. Atenganishe siku. Jumatatu hadi Alhamisi ni mwandishi, haruhusiwi kufuta. Ijumaa ni mhariri, haruhusiwi kuongeza. Akikumbuka kasoro siku ya Jumanne, aiandike pembeni iisubiri Ijumaa. Na ajue kwamba kazi nyingi za wakubwa nazo zilikuwa za kawaida. Dean Keith Simonton, aliyechunguza maisha ya wabunifu wengi mashuhuri, ameonyesha kwamba vipindi walivyotoa kazi bora kabisa huelekea kuwa vile vile walivyotoa kazi nyingi, zikiwemo dhaifu.

Kabla sijaliacha jambo la hulka, neno moja la ukali. Tafiti zile zile alizokusanya Feist zinaonyesha kuwa baadhi ya wabunifu, hasa wasanii, ni watu wa hasira na ukaidi. Wapo vijana wanaosikia hivyo wakadhani ufidhuli, ulevi na kutolipa madeni ni dalili za kipaji. Ukaidi unaofaa ni ule wa kutokubali sentensi mbovu. Kuwatukana mafundi mitambo au kuchelewa mazoezi saa mbili hakujamfanya mtu yeyote aimbe vizuri zaidi. Usanii si kibali cha utovu wa adabu.

Kidonda cha mnazi

Nimemwonea mgema kwa methali ile. Ngoja nimrudishie heshima yake.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina. Juu huko, kwa kotama kali, hukata ncha ya karara, kipande chembamba kabisa, ili utomvu utiririke kwenye kibuyu. Kipande hicho lazima akikate kila siku. Asipopanda siku kadhaa, kidonda hukauka na utomvu hukoma, ingawa mnazi ni ule ule na utamu umo ndani. Hakuna mgema anayeketi chini ya mnazi akingoja morali ya kupanda. Anapanda kwa sababu ni asubuhi.

Shaaban Robert aliishi hivyo. Aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akihamishwa huku na huko, akilea familia. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizokuja kuchapishwa kitabu, zimejaa mambo ya kazi, familia na hangaiko la kuchapisha. Mtu huyo ndiye aliyetuachia vitabu zaidi ya 20, vikiwemo Kusadikika, Adili na Nduguze na wasifu wa yule yule Siti binti Saad. Hakuwa na muda kutuzidi. Alikuwa na mazoea.

Basi fanya jaribio hili kwa siku 14. Chagua dakika 40 za siku, zisizobadilika. Kama wewe ni wa alfajiri, ziwe kabla nyumba haijaamka; kama ni wa usiku, baada ya vyombo kuoshwa. Chagua mahali pamoja, hata kama ni ngazi ya nyuma. Simu iwe chumba kingine. Kila ukimaliza, andika mistari minne katika kidaftari: umefanya nini, nini kilikukatisha, ni dakika gani ulisahau saa, na ulimfikiria nani ulipokuwa ukifanya.

Mstari wa nne ndio muhimu. Siku ya 15 soma yote 14 kwa pamoja. Ukiona kila siku ulimfikiria aliyekucheka shuleni, au mashabiki ambao bado huna, umejua kinachokusukuma, na pengine ndicho kinachokukwamisha. Ukiona siku tano hukumfikiria mtu yeyote, ila mhusika wako, nota zako au rangi zako, tazama siku hizo zilikuwa na nini: saa, mahali, aina ya kazi. Panda mbegu zaidi hapo. Na mstari wa pili utakuambia hulka yako vizuri kuliko dodoso lolote. Aliyekatishwa na wazo jipya ni mdadisi. Aliyekatishwa na kusafisha meza ni mpangilifu. Aliyekatishwa na simu ya rafiki, karibu kundini kwangu.

Mimi nilifanya jaribio hilo baada ya ile siku ya mvua. Kati ya kaunta buku zile nne nilichagua ya tatu, ile ya kurasa 17, kwa sababu ndiyo pekee isiyokuwa na mchoro wa jalada. Sikumwambia mtu ila mmoja. Kila Ijumaa nampelekea kurasa tatu, na mpaka sasa nimelipia kahawa mara tisa. Leo ina kurasa 112. Inahusu nini, sikwambii mpaka iishe.